Mabepari ni Wangapi? Kwa Anayeanza Uzamili wa Fasihi ya Kiingereza

Kila vyuo vinapofungua hunifikia ujumbe wa aina moja. Aliyeandika ameanza uzamili wa fasihi ya Kiingereza, ameshalipa ada, ameshaingia darasa la mbinu za utafiti, na sasa ameambiwa alete andiko lenye nadharia. "Dada, nichukue nadharia ipi?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja kwa simu, usiku, watoto wakishalala. Leo naandika mara moja kwa wote, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi pia, na lilinila miezi minne.

Jibu langu ni kwamba usianze na nadharia. Tafuta kwanza kitu kilichokukwaza kwenye ukurasa, kidogo kiasi cha kuweza kukinyooshea kidole. Halafu hakikisha ukurasa huo ni wa nani na wa lini. Nadharia itakuja, na ikija utajua umeiitia nini.

Mimi nilikwenda kwa msimamizi wangu na andiko la kurasa 12. Nilikuwa nimechagua tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, Mabepari wa Venisi, ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1969. Mada ilikuwa nzuri, hilo nalisema hata leo. Lakini nilikuwa nimeitwisha nadharia nne: Umaksi, nadharia ya baada ya ukoloni, ufeministi, na saikolojia changanuzi. Kuanzia ukurasa wa tatu mpaka wa tisa yalikuwa majina ya wananadharia tu. Shakespeare alianza kuonekana ukurasa wa kumi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti. Kaa."

Akachukua penseli. Hakusema neno, akawa anazungushia duara kila jina la mwananadharia, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka karatasi zikajaa maduara. Kisha akanisogezea. "Haya majina tuyafute. Kunabaki swali gani?"

Nikanyamaza. Akaniuliza kama vitabu vyenyewe ninavyo. Nikamtolea. Mabepari wa Venisi ilikuwa kopi niliyotoa steshenari, haina jalada wala ukurasa wa hakimiliki. Ya Kiingereza nilikuwa nimeipakua kwenye simu.

"Hii ya Kiingereza ni toleo la nani?"

Nilidhani Shakespeare ni Shakespeare. Sikujua kwamba kati yake na mimi wamepita wachapaji na wahariri wa miaka mia nne, na kwamba kila mmoja wao aliacha mkono wake mle ndani. Profesa hakunikemea. Alisema tu: "Nenda kasome, acha wananadharia wapumzike. Ukirudi niletee kitu kimoja kilichokukwamisha. Kimoja."

Nilikaa na vitabu viwili wiki tatu, kimoja kulia, kimoja kushoto. Wiki ya kwanza sikuona kitu, maana nilikuwa bado nasoma ili niwaridhishe wale waliozungushiwa maduara. Wiki ya pili ndipo nilipoona kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. The Merchant of Venice ni mtu mmoja. Mabepari wa Venisi ni watu wengi.

Ukiuliza wanafunzi darasani huyo "merchant" ni nani, nusu watakwambia ni Shylock. Siye. Shylock ni Myahudi mkopeshaji. Mfanyabiashara ni Antonio, ambaye mali yake yote iko baharini kwenye merikebu, na ambaye anakopa dukati 3,000 kwa miezi mitatu ili amsaidie rafiki yake Bassanio, kwa dhamana ya ratili moja ya nyama ya mwili wake. Jina la Kiingereza linamtaja huyo peke yake. Jina la Kiswahili linaongeza mtu.

Nikafika kwenye mahakama, tendo la nne, Antonio akiwa ameshindwa kulipa deni. Portia, mke wa Bassanio, anaingia amevaa kama mwanasheria kijana, hawajui wenye kesi, na anauliza kitu ambacho kwa Kiswahili changu mimi nakiweka hivi: Mfanyabiashara hapa ni yupi, na Myahudi ni yupi? Nililisoma swali hilo nikasimama. Mmoja ni mdai, mwingine ni mdaiwa, wote wako mbele ya mtawala na wazee wa Venisi, na bado anayekuja kuhukumu haoni tofauti mpaka aonyeshwe. Ni kama jina la Kiswahili lilikuwa limeshamjibu Portia tangu kwenye jalada: usijisumbue, wote ni mabepari.

Hicho ndicho kitu kimoja nilichompelekea Profesa. Kiambishi. Ma-. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoteleza, nami niliteleza. Nilikuwa na haraka ya kuwa na hoja, nikaandika kwenye rasimu: "Nyerere alitafsiri vibaya neno merchant ili kupenyeza siasa ya Ujamaa." Niliona mantiki yake iko wazi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, likapinga ubepari na ukabaila, na miaka miwili baadaye mkuu wa nchi yuleyule anatoa tamthilia yenye mabepari kwenye jalada. Nikaona nimemaliza kazi.

Profesa alipigia mstari maneno mawili, "vibaya" na "ili".

Tuanze na "vibaya". Kusema neno limetafsiriwa vibaya ni kudai kwamba unajua maneno yote mawili yalimaanisha nini wakati yalipotumika. Mimi nilijua bepari ya redio na ya vitabu vya siasa: mnyonyaji mwenye mtaji. Lakini neno hilo tumelipata kutoka India. Kigujarati wanasema vepari, Kihindi byapari, na maana yake ni mfanyabiashara, basi. Maana ya kisiasa ililikuta neno tayari liko nyumbani kwetu. Kwa hiyo bepari kwa merchant, ukilichimba mpaka mzizi, ni tafsiri ya karibu mno. Kinachofanya kazi ni kwamba kufikia 1969 neno hilohilo lilikuwa limebeba na mzigo mwingine, na msomaji wa Kiswahili asingeweza kuusikia mmoja bila mwingine. Hilo ni jambo zito kuliko "vibaya" yangu, na ningelikosa kabisa kama nisingeulizwa.

Upande wa Kiingereza ni hivyohivyo. Tamthilia hii iliandikwa kwenye 1596 au 1597, na ukifungua kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford, ile inayoonyesha neno lilitumikaje karne kwa karne, utaona kwamba siku hizo merchant liliweza pia kumaanisha jamaa tu, bwana fulani. Katika Romeo and Juliet yaya anamwita hivyo kijana mmoja aliyemkosea adabu. Sisemi maana hiyo ndiyo iliyokusudiwa kwenye jina la tamthilia yetu. Nasema usiliamini neno la mwaka 1596 kwa sababu tu unalijua la leo. Fungua kamusi hata kwa neno unalolijua. Hasa kwa hilo.

Halafu "ili". Ukiandika "ili" umeingia kichwani mwa mtu. Mwalimu amefariki tangu 1999, na hata angekuwa hai, wahakiki wamebishana tangu miaka ya 1940 kama nia ya mwandishi ni ushahidi juu ya kazi yake au la. Sikatazi kuzungumzia nia. Lakini ukitaka kuizungumzia lete barua, hotuba, dibaji, rasimu yenye masahihisho. Huna? Basi badilisha kitenzi. Sentensi yangu niliiandika upya mara nne. Ya mwisho ilisema: "Wingi katika jina la Kiswahili unamweka Antonio na Shylock katika tabaka moja kabla mchezo haujaanza." Mtendaji si Nyerere tena. Ni wingi. Na kila anayesoma anaweza kwenda kwenye jalada akathibitisha kwamba wingi upo. Tazameni sentensi hizo mbili, ya kwanza na ya nne. Sehemu kubwa ya somo la mbinu za utafiti imo katikati yao.

Sasa lile swali la toleo. Wengi wenu mnaliona ni swali la kujaza rejea, jambo la nukta na mkato. Ngoja niwape kisa cha tamthilia hiihii.

Kitabu cha kwanza kabisa cha The Merchant of Venice kilichapwa London mwaka 1600, kwa ajili ya muuza vitabu Thomas Heyes. Lakini kulikuwa na chapa nyingine, nayo ilikuwa imeandikwa mwaka 1600 kwenye ukurasa wa jina, ikitaja mchapaji J. Roberts. Kwa miaka mingi wataalamu walizichukua zote kuwa za mwaka mmoja, na katika karne ya 19 wahariri wa Cambridge waliiona hii ya Roberts ndiyo iliyotangulia, wakaiita ya kwanza. Mwaka 1908 mtaalamu wa vitabu vya zamani, W. W. Greg, aliamua kuangalia karatasi. Karatasi zenyewe, si maneno. Karatasi za zamani zina alama ndani yake, unaiona ukiinua ukurasa kwenye mwanga, kama unavyoinua noti ya elfu kumi kuhakikisha si bandia. Greg alikuta kwamba alama zilezile zimechanganyikana katika vitabu kadhaa vya Shakespeare ambavyo kurasa za majina zinasema ni vya 1600, vya 1608, na vya 1619. Mchapaji hawezi kununua mchanganyiko wa karatasi mwaka 1600 akautunza, akautumia tena uleule miaka 19 baadaye. Vitabu hivyo vilichapwa pamoja, tamthilia kumi kwa jumla, mwaka 1619, katika kiwanda cha William Jaggard kwa ajili ya mchapishaji Thomas Pavier, na baadhi yake vikapewa tarehe za uongo. Miaka miwili baada ya Greg, mtafiti mwingine, William Neidig, akapiga picha kurasa za majina, akaonyesha kwamba herufi zilizopangwa kwa kitabu cha mwaka mmoja zilitumika bila kupanguliwa kwa kitabu kinachodai kuwa cha mwaka mwingine.

Nilipokisoma kisa hiki nilikaa maktaba mpaka wakazima taa. Wasomi wakubwa walikuwa wamejenga hoja juu ya tarehe, na tarehe ilikuwa uongo, na aliyewaonyesha hakuwa na nadharia mpya kuhusu Shakespeare. Aliinua karatasi kwenye mwanga. Na kiwanda hichohicho cha Jaggard ndicho kilichochapa mwaka 1623 lile jalada kubwa lenye tamthilia 36, ambamo 18 zilikuwa zinachapwa kwa mara ya kwanza. Mojawapo ya hizo 18 ni Julius Caesar. Bila jalada lile tusingekuwa na Juliasi Kaizari, tafsiri nyingine ya Mwalimu.

Kwa hiyo ukiulizwa toleo la nani, unaulizwa: unajuaje? Kabla hujanukuu mstari wa kwanza, andika kwenye daftari mhariri, mwaka, mchapishaji, na kama kitabu kilicho mkononi ni chapa ya kwanza au imerudiwa. Kopi ya steshenari isiyo na ukurasa wa hakimiliki usiitegemee. Mimi nilirudi kukitafuta kitabu chenyewe, nikakipiga picha kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma.

Baada ya hayo yote, na si kabla, Profesa aliniambia: "Sasa unaweza kumleta Marx."

Nikamleta, na alinifaa sana mwanzoni. Usomaji wa Kimaksi unakuonyesha kwamba Antonio na Shylock ni wapinzani wa soko moja. Shylock mwenyewe anasema, tendo la kwanza, kwamba anamchukia Antonio kwa sababu anakopesha bure na kushusha kiwango cha riba Venisi. Hapo wingi wa Kiswahili unapata nguvu. Nikaandika kurasa kumi kwa furaha.

Halafu hukumu ikanikwamisha. Ikiwa wote ni mabepari, mbona anaadhibiwa mmoja? Sheria anayoitoa Portia mwishoni haimgusi tajiri kwa utajiri wake. Inamgusa mgeni aliyetafuta kumuua raia. Nusu ya mali kwa yule aliyekusudiwa kuuawa, nusu kwa serikali. Kisha katika masharti ya kupunguziwa adhabu, Shylock analazimishwa kuwa Mkristo. Swali la Portia, ambalo nililiona kama halina jibu, lilikuwa na jibu, na jibu hilo lilimfilisi mtu na kumnyang'anya dini. Jina la Kiswahili linafuta tofauti ambayo hukumu yote imesimama juu yake. Nadharia yangu haikuwa na pa kuliweka hilo.

Nilijaribu kulificha. Nilisukuma aya ya hukumu kwenye tanbihi. Nawaambia kwa sababu najua mtashawishika kufanya hivyohivyo: ushahidi unaokataa kuingia kwenye nadharia yako ndiyo tasnifu yako. Utoe kwenye tanbihi, uweke sura ya katikati. Mimi sura hiyo ndiyo iliyobeba kazi nzima: kwamba wingi ule unafungua jambo moja, la tabaka, na kufunika jingine, la ugeni na dini, na kwamba yote mawili yanafanywa na silabi moja. Ili kulisema hilo vizuri nilihitaji nadharia ya pili, ya tafsiri, inayoiangalia tafsiri kama maandishi yanayoishi katika jamii iliyoipokea. Zikawa mbili. Ufeministi ungeweza kunifaa kwa Portia, lakini sikuwa na swali juu yake, nikauacha.

Hapa nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo masomo ya mbinu hulipita mbio. Wewe unayesoma Kiingereza ukiwa Dar, Nairobi au Kampala, mahali unaposimama ni sehemu ya mbinu yako. Tarehe 24 Oktoba 1968, pale Nairobi, kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe na iwepo idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati, nyingine zikizunguka. Mwaka uliofuata Mabepari wa Venisi ikatoka. Naona matukio hayo mawili yanajibu swali moja kwa njia zinazokinzana. Waraka unasema mtoe Mwingereza katikati, tafsiri inamchukua inamkalisha kwenye Kiswahili. Hamlazimiki kuchagua upande kabla ya kuanza. Lakini mkiandika kana kwamba mko London, mtakuwa mmeitupa nyenzo mliyo nayo na ambayo aliyeko London hana: masikio yanayosikia neno bepari.

Kuhusu mapitio ya machapisho nitasema machache. Msiyapange kwa miaka, fulani alisema hivi, fulani akasema vile. Yapangeni kwa ugomvi: nani anabishana na nani, juu ya nini. Na "hakuna aliyewahi kuandika juu ya hili" haitoshi kuwa sababu. Yako mambo mengi hayajaandikwa kwa kuwa hayana swali ndani yake.

Kwenye daftari, maneno ya mwingine yaende ndani ya alama za kunukuu na namba ya ukurasa, siku hiyohiyo, hata kama una usingizi. Niliwahi kufungua daftari langu baada ya miezi miwili nikakuta aya nzuri sana nisijue kama ni yangu au ya mhakiki fulani. Nilitumia siku tano kuitafuta. Ilikuwa yake. Ningeiwasilisha hivyo, ingekuwa wizi wa kitaaluma.

Na kwa yule aliyeniandikia wiki iliyopita kwamba hana mada, nakupa moja ambayo muda haukuniruhusu kuigusa. Katika chapa ya 1600 kuna vijana wa Venisi wenye majina yanayokaribiana: Salarino, Solanio, Salerio. Mwaka 1926 mhariri John Dover Wilson aliamua kwamba Salarino na Salerio ni mtu mmoja aliyekosewa jina, akawaunganisha, na matoleo mengi yakamfuata. Matoleo mengine yameendelea kuwahesabu watatu. Mfasiri anayefanya kazi katika miaka ya 1960 lazima alikuwa na toleo fulani la Kiingereza mezani, na orodha yake ya wahusika inaweza kukuelekeza lilikuwa lipi. Kitafute Mabepari wa Venisi chenye ukurasa wa hakimiliki. Fungua orodha ya wahusika, chukua penseli, uwahesabu hao vijana. Ukiwapata wangapi, niandikie.